Kuruka maporomoko kwa kayaki: ujasiri, au kumjaribu Mungu?



Injili ya Dominika ya Kwanza ya Kwaresima inatupandisha hadi juu ya kinara cha Hekalu la Yerusalemu. Ibilisi amemsimamisha Yesu pale na anamwambia ajitupe chini. Kwa ujanja wake anaitumia Zaburi ya 91 kumhakikishia kwamba malaika watampokea asiumie. Yesu anakataa. Anajibu kwa fundisho la Kumbukumbu la Torati 6:16, kwamba mtu hapaswi kumjaribu Bwana Mungu wake (Mt 4:5-7).

Sisi wahubiri mara nyingi tunalipita jaribu hili haraka. Tunakaa kwenye mkate, kwa sababu njaa tunaijua. Tunakaa kwenye falme za dunia, kwa sababu tamaa ya madaraka tunaiona kila siku. Lakini ni nani kati yetu anayeshawishika kupanda paa la kanisa na kujirusha?

Siku hizi wapo wanaorushwa na kishawishi cha namna hiyo, na vijana wetu wanawatazama kwenye simu. Majuma machache yaliyopita, baada ya Misa, vijana walinionyesha picha za video za mtu aliye ndani ya kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, uliofunikwa juu, anayeketi ndani yake na kupiga kasia lenye bapa pande zote mbili. Mto unampeleka hadi kwenye ukingo wa maporomoko, anainamisha pua ya chombo, anatoweka ndani ya povu, kisha baada ya muda anaibuka chini akiinua kasia juu. Vijana walishangilia. Mmoja wao hakushangilia. Aliniuliza, "Padri, huyu akifia pale, si amejiua?"

Swali hilo linastahili jibu, na jibu lake linatuhusu hata sisi ambao hatutaingia kwenye kayaki maisha yetu yote.

Mchezo huu hauko mbali nasi kama tunavyodhani. Mto Kagera, unaoanguka kwa kishindo pale Rusumo kule Ngara, humwaga maji yake katika Ziwa Victoria upande wa kaskazini mwa Bukoba. Maji ya ziwa hilo hutokea Jinja, nchini Uganda, na hapo Mto Nile huanza safari yake. Pale Jinja, kwa miaka mingi, wageni na vijana wa Uganda wamekuwa wakishuka na kayaki katika maji yaendayo kasi. Maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na bwawa la umeme la megawati 250 lililokamilika mwaka 2012, lakini yapo mengine chini yake, kama Itanda, na watu bado wanakwenda.

Mmoja wa waliojulikana sana katika mito hiyo ni Hendri Coetzee, raia wa Afrika Kusini. Mwaka 2004 aliongoza kundi lililoshuka Nile kutoka Ziwa Victoria hadi Bahari ya Mediterania. Alipita maporomoko ambayo wengi waliogopa hata kuyasogelea. Tarehe 7 Desemba 2010, akiwa na wenzake wawili katika Mto Lukuga, ule unaotoa maji Ziwa Tanganyika kwenda Kongo, mamba alimkamata na kumzamisha. Alikuwa na umri wa miaka 35. Hapakuwa na maporomoko mahali pale. Hatari aliyokuwa ameizoea haikumuua. Aliuawa na ile iliyokuwa imelala chini ya maji yaliyotulia.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Je, Mkristo achague kicheko cha mwoga?

Tuanze na kile ambacho Kanisa halisemi. Kanisa halisemi kwamba mchezo ni dhambi, wala kwamba mto ni wa shetani. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, aliyetutembelea Tanzania Septemba 1990, alikuwa mpiga kasia. Mwezi Agosti 1958, akiwa bado Padri Karol Wojtyła, alikuwa katika safari ya kayaki na vijana kwenye Mto Łyna huko Poland alipoitwa Warsaw kuambiwa kwamba Baba Mtakatifu amemteua kuwa Askofu Msaidizi. Alikubali uteuzi, kisha akarudi mtoni kwa vijana wake. Ndani ya mitumbwi ile, kwenye maji matulivu, aliwafundisha sala na maisha ya ndoa mbali na macho ya serikali ya kikomunisti. Mto ulimsaidia kuchunga.

Sasa swali la kijana. Anayejiua anatafuta kifo. Huyu wa kwenye video hatafuti kifo. Anatafuta kutoka salama, na amevaa kofia ngumu na jaketi la kuokolea akitumaini kutoka salama. Kwa hiyo si sahihi kusema amejiua, na hukumu ya moyo wake tumwachie Mungu. Lakini Amri ya Tano haiishii hapo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2288 hadi 2290, inatufundisha mambo matatu: kwamba uhai na afya ni amana tuliyokabidhiwa na Mungu, tuitunze kwa akili huku tukijali mahitaji ya wengine, kwamba mwili usigeuzwe kuwa sanamu ya kuabudiwa kwa ajili ya ushindi wa michezo, na kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi, barabarani, majini au angani, anabeba hatia nzito. Mtu anaweza basi asitake kufa, na bado akawa na kosa la kuuchezea uhai kana kwamba ni mali yake binafsi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia kupima. Katika fadhila nne kuu, yaani busara, haki, nguvu na kiasi, ujasiri uko chini ya ile ya nguvu. Anafundisha kwamba fadhila hiyo ina maadui wawili: woga uliozidi, na uthubutu uliozidi. Asiyeogopa chochote hasifiwi kuwa jasiri. Ana kasoro, kama vile mtu asiyesikia maumivu alivyo na kasoro. Tena ujasiri huongozwa na busara na hutumikia lililo jema. Ukiondoa busara na ukiondoa jema linalotafutwa, kinachobaki ni mtu juu ya kinara, na watu chini wanamtazama.

Hapa nataka niwatendee haki wanamichezo wale, kwa sababu nilipouliza na kusoma habari zao nilikuta jambo ambalo video haionyeshi. Video ni ya sekunde chache. Kabla yake mara nyingi kuna kazi ndefu. Mwenye kayaki hushuka, hutembea kwa miguu ukingoni, huyatazama maporomoko kutoka juu na kutoka chini. Hupima kina cha shimo la maji atakaloangukia. Hutafuta mahali ambapo maji yanajizungusha nyuma ya maporomoko, maana yakimshika yanaweza kumviringisha asitoke. Hujua kwamba akitua bapa kutoka juu sana anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Wenzake husimama chini na kamba za kumtupia. Na kama kuna jambo lisilomridhisha, hukibeba chombo chake begani, akapita nchi kavu, akaingia mtoni tena chini. Kubeba begani si aibu kwao. Mmarekani Tyler Bradt, aliyeshuka maporomoko ya Palouse mwaka 2009 kutoka urefu wa karibu mita 57, sawa na jengo la ghorofa 18 hivi, hakufika pale siku moja. Alipanda ngazi ya maporomoko madogo kwa miaka.

Sisemi kwamba maandalizi yanahalalisha kila kitu. Mita 57 ni mita 57. Nasema tu kwamba watu hawa, ambao sisi tunawaita wendawazimu, wana desturi ya kuutazama mto kabla ya kuuingia.

Na wanauogopa zaidi mto mmoja kuliko yote: ule unaopita katika korongo lenye kingo zisizoshikamana. Kiswahili chetu kina neno moja kwa hatari mbili. Maji yakianguka tunasema maporomoko, na ardhi ikianguka tunasema maporomoko. Katika korongo la namna hiyo yote mawili hukutana. Mvua ikilowesha mteremko kwa siku nyingi, udongo hupoteza mshiko, ukashuka na mawe na miti hadi mtoni. Pengine huuziba mto, maji yakajikusanya nyuma ya kizuizi hicho, kisha kizuizi kikapasuka na tope likashuka kwa ghafla. Hata kisipopasuka, mto umekwisha badilika. Shimo lililompokea mtu salama mwaka jana sasa lina jiwe ndani. Gogo limelala katikati ya mkondo, na matawi yake yanapitisha maji lakini hayapitishi mtu. Aliyepita jana hana uhakika wa kupita leo.

Ndugu zetu wa Uganda wanalijua hili. Oktoba 2018 huko Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ardhi iliporomoka juu na kuingia mtoni, na mto ukabeba tope na mawe makubwa hadi kwa watu waliokuwa chini. Zaidi ya 40 walikufa. Nasi tunalijua. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, na zaidi ya Watanzania 80 walipoteza maisha.

Kuna habari nyingine ambayo kila paroko na kila mlezi wa vijana angepaswa kuijua. Aprili 2012, vijana wa kikundi cha kanisa kutoka Nairobi walikwenda matembezi katika korongo la Ol Njorowa, Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Maji ya mvua iliyonyesha sehemu za juu yalishuka kwa ghafla katika korongo lile jembamba, na saba kati yao wakafa. Septemba 2019, katika korongo lilelile, maji yaliwachukua tena watalii pamoja na mwongozaji wao. Vijana wale wa mwaka 2012 hawakuwa wakitafuta sifa. Walikuwa na nyimbo, chakula na viongozi wao, kama vijana wetu wanapokwenda hija au matembezi ya Pasaka. Nina hakika walisali kabla ya kuondoka.

Hapo ndipo swali la kijana yule linapogeuka na kututazama sisi. Kati ya mwenye kayaki anayekagua maporomoko kwa saa nzima, na Mkristo anayepanda mtumbwi uliojaa kupita kiasi bila jaketi la kuokolea akisema "Mungu atatulinda", ni nani anayemjaribu Mungu?

Sisi wa Bukoba na Muleba tuna sababu ya kulijibu swali hilo kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa bado frateri. Meli ya MV Bukoba iliondoka hapa, ikapitia Kemondo na kuongeza watu, ikiwa imebeba kupita uwezo wake, ikapinduka ilipokaribia Mwanza. Mamia walikufa. Karibu kila familia ya Kagera ina jina la kutaja katika Misa ya wafu. Tangu wakati ule kila mwaka tunaweka maua na kusali. Lakini nenda leo kwenye mialo ya Muleba, utazame mitumbwi inayokwenda visiwa vya Ikuza, Goziba, Mazinga na Bumbire. Hesabu watu. Kisha hesabu majaketi.

Na ziwa si kinara chetu cha pekee. Masika inakaribia. Wapo wanaolima hadi kwenye ukingo wa jabali na kukata miti iliyoshika udongo. Wapo waliojenga chini ya mteremko ambao tayari umeonyesha nyufa. Wapo waendesha bodaboda wanaojaribu kuvuka Mto Kanoni ukiwa umefurika mjini Bukoba, na abiria nyuma. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilitufundisha kwamba hata nchi kavu chini ya miguu yetu si kitu cha kuzoea.

Lazima niseme jambo hapa, nisije nikamtwika maskini mzigo usio wake. Mwenye kayaki amechagua. Mama wa kisiwani anayempeleka mtoto mwenye homa hospitalini hajachagua. Mtumbwi ni huo mmoja. Baba aliyejenga chini ya mteremko huenda ndicho kibanja pekee alichorithi. Hao hawamjaribu Mungu. Wanaomjaribu Mungu ni wale wenye uwezo wa kubadilisha jambo na hawalibadilishi: mwenye mtumbwi anayeongeza abiria wa mwisho kwa ajili ya nauli, msimamizi wa mwalo anayetazama kando, kiongozi anayejua mteremko gani umepasuka na anasubiri maafa yatokee ndipo apeleke mablanketi, na sisi viongozi wa Kanisa tunaopakia kwaya nzima kwenye gari la mizigo kwenda kwenye jubilei.

Somo lake liko katika Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo, akiwa mfungwa, aliwaonya kwamba safari ile ya majira mabaya ingekuwa na hasara. Akida akawasikiliza zaidi nahodha na mwenye meli. Dhoruba ikaja. Usiku malaika wa Mungu akamhakikishia Paulo kwamba hakuna atakayepotea. Tazama alivyofanya baada ya kupewa ahadi hiyo. Hakukaa akingoja. Aliwazuia mabaharia waliotaka kutoroka na mashua, akawahimiza watu wale chakula wapate nguvu, na wote 276 wakafika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Ahadi ya Mungu haikuondoa kazi ya mikono yao. Imani ya Paulo ilikuwa na macho mawili: moja kwa Mungu, moja kwa mashua.

Ujasiri wa Kikristo tumeuona kwetu wenyewe. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyobeba watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, na mitumbwi yao na makasia yao. Watu 19 walikufa, 24 waliokolewa. Kijana mvuvi Majaliwa Jackson alitambuliwa na Serikali na kupewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wavuvi wale nao walijihatarisha. Waliingia majini bila kujua kama wangetoka. Lakini waliingia kwa sababu ndani ya maji kulikuwa na watu wanaokufa. Kama mmoja wao angefia pale, tungemtaja pamoja na wale ambao Bwana aliwasema katika Yohane 15:13, wanaoutoa uhai wao kwa ajili ya rafiki zao.

Kwa hiyo, kijana wangu uliyeuliza, hilo ndilo jibu langu. Hatari haikufanyi kuwa mtakatifu wala kuwa mwovu. Jiulize kabla ya kuiingia: Ni kwa ajili ya nani? Nimekagua kwa kadiri ya akili niliyopewa? Nikizama, ni nani atalazimika kuingia kunifuata? Maana mtu harukii maporomoko peke yake. Kuna anayeshika kamba, kuna mama nyumbani. Na kama jibu la swali la kwanza ni "kwa ajili ya watakaotazama video", basi umekwisha kusimama kwenye kinara, na unaijua sauti inayokuambia ruka.

Kwaresima hii tunaacha nyama na pombe, na ni vizuri. Naomba jumuiya zetu ndogo ndogo ziongeze jambo moja kabla mvua hazijaanza. Kaeni jioni moja na mtaje kwa majina sehemu za hatari katika kijiji chenu: mwalo gani, mteremko upi, kivuko kipi, nyumba ya mjane yupi. Jumuiya za visiwani na za mwaloni, sehemu ya mchango wa Kwaresima inaweza kununua majaketi ya kuokolea yakakaa kwenye mtumbwi unaopeleka wagonjwa. Walezi wa vijana, msipange matembezi ya korongoni au mtoni wakati wa masika, hata kama siku hiyo anga ni jeupe, maana mvua inayoua huenda inanyesha mahali msipopaona. Na maparoko wenzangu, gari likijaa, tuwe wa kwanza kushuka na kusema limejaa.

Tumwombe Bwana, aliyekataa kuruka kutoka Hekaluni lakini hakukataa kupanda Msalabani, atupatie moyo wa kupambanua mambo hayo mawili. Mama Maria, Mama wa Huruma, mlinzi wa kanisa kuu letu la Bukoba, awaombee walio majini usiku huu na wanaolala chini ya milima. Nawatakia Kwaresima njema.